Uji Kwanza, Kisha Vidonge

Kama umerudi nyumbani kutoka hospitali na kifuko cha vidonge vidogo vyeupe, na muuguzi amekuambia uvinywe vyote kwa pamoja, asubuhi, baada ya kula, basi haya nimekuandikia wewe. Mimi maneno hayo niliyaona mepesi. Nilifikiri kazi ni kumeza tu, na kumeza najua. Karibu yanitoe roho.

Mimi si daktari. Mimi ni Mama Salima, nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kituku hapa Goma, na nakaa mtaa wa Katoyi na mume wangu na watoto wetu watatu. Nimechoka kuuzungumzia ugonjwa huu. Lakini kila nikienda hospitali namkuta kwenye benchi mwanamke mpya mwenye uso uliovimba, anakigeuzageuza kifuko chake mapajani bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo nitasema mara hii moja, nimalize.

Ulianza na mvua za mwezi wa tisa. Kwanza macho: nikiamka yalikuwa yamefura, na kufika saa sita mchana yamenywea. Kisha miguu. Sandali zangu za plastiki zikaanza kuacha alama mguuni, na nikibonyeza juu ya kifundo, kidole kilitoka na shimo likabaki. Mkojo ulikuwa na povu, povu lisiloisha hata ukimwaga maji. Nilisema ni uchovu. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwa miaka mingi ana haki ya kufura kidogo.

Aliyeona wa kwanza ni Mama Neema. Huyu ni jirani yangu wa sokoni, mtu wa upande wa Bukavu, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Mimi ni Mwislamu ambaye babu yake alitoka Maniema akiuza mchele. Miaka sita tumekaa bega kwa bega. Kila asubuhi, tukingoja mitumbwi iliyovua usiku irudi, alifungua termosi yake ya uji wa mahindi na soya, akajaza kikombe kimoja cha plastiki cha buluu, tukanywa kwa zamu. Hatukuwahi kuulizana nani aanze.

"Mama Salima," aliniambia siku moja, "hii macho si ya usingizi. Uende kwa docta."

"Nitaenda."

"Ulisema vile juma iliyopita."

Nilikwenda kwa sababu pete ya ndoa ilikatalia kidoleni na mume wangu aliikata kwa koleo.

Sitaeleza vipimo vyote. Nitaeleza benchi, maana huko ndiko nilikoishi. Benchi la hospitali linakufundisha kukaa bila kuegemea, kulinda nafasi yako kwa kitenge ukienda chooni, kutambua kwa sauti ya viatu kama anayekuja ni muuguzi au ni mtu wa kudeki. Wiki mbili niliingia na kutoka na kichupa cha mkojo ndani ya mfuko mweusi, nikikificha kama mwizi. Mwisho wake daktari, mwanamke kijana wa miwani, akanikalisha.

"Mafigo yako iko inavuja, mama. Nguvu ya damu inatoka na mukojo, ndiyo maana unavimba. Tutajaribu predni. Ni dawa ya muda murefu, si ya juma moja."

Muuguzi akaandika juu ya kifuko, akanisomea: "Komprime kumi na mbili, zote mara moja, asubuhi, kisha ya kukula. Na tumbo mutupu, hapana, itakuchoma. Chumvi, hapana. Na usiache hata siku moja bila kutuambia."

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa, kweli. Taabu haikutoka kwenye kutoelewa.

Ilitoka kwa dada yangu, na sitaki umchukie ukisoma haya. Yaya Mwajuma, maana yaya kwetu ni dada mkubwa, ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Mume wake alikufa akiwa amevimba tumbo na miguu, na hakuna aliyewahi kumwambia kilichomuua. Baadaye watu wakamwambia ilikuwa karuho, na kwamba angewahi dawa ya kienyeji angepona. Karuho kwetu ni sumu inayosemekana kutiwa kwenye chakula au kinywaji, mtu akaisha polepole. Ndiyo maana huku chupa hufunguliwa mbele ya mgeni, na mwenye nyumba huonja kwanza. Tangu kifo kile, Yaya hawezi kuona mguu uliovimba akafikiri jambo lingine.

"Nani anakukulisha kila asubuhi?" aliniuliza, amekaa kitandani kwangu, ameushika mguu wangu.

"Yaya, tunakunywa kikombe kimoja."

"Kikombe moja. Na termosi iko kwa mukono ya nani? Na kati yenu wawili, nani anauza sana kupita mwenzake?"

Mimi ndiye niliyekuwa nauza zaidi. Nitasema kweli: sikuamini, na sikukataa. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huchukua anachopewa na aliye karibu.

Alinipeleka kwa mama mmoja wa dawa, mzee mpole aliyenishika kichwa na kuniombea. Akanipa chupa ya maji ya majani, ya kijani na machungu, ya kutapisha. Akasema ninywe asubuhi nikiwa nimeshakula, kwa sababu sumu haitoki kwa tumbo tupu, inatoka imeshikana na chakula. Siku saba. Uvimbe usipopungua, saba tena.

Sasa angalia nilivyojiona nina akili. Dawa ya hospitali inataka asubuhi baada ya kula. Dawa ya mama inataka asubuhi baada ya kula. Nikasema vizuri, saa ni moja, kila moja itafanya kazi yake: hii mafigo, hii sumu. Yaya alihamia kwetu, akawa anaamka kabla yangu na kunipikia uji kwa mkono wake. Nilikunywa uji, nikameza vidonge kumi na viwili, nikanywa maji ya majani, na kabla adhana ya alfajiri haijaisha nilikuwa nimepiga magoti mbele ya beseni. Lilikuwa beseni langu la zamani la kupimia sambaza. Yaya alinishika mgongo, akanifuta mdomo. Alikuwa akilia, naye akidhani anaokoa maisha yangu.

Siku ya nne au ya tano niliona ndani ya beseni vitu vyeupe vilivyolainika, vingi, vimekaa juu ya uji. Nilivitambua. Nikamwaga maji, nikaosha beseni, nikaenda kazini. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema neno, na jibu pekee nililo nalo ni kwamba kusema kungenilazimisha kuchagua kati ya dada yangu na daktari, na sikuwa na nguvu ya kuchagua hata nguo ya kuvaa.

Huko Kituku, Mama Neema alijaza kikombe, nikamwambia nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani. Alikubali. Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Nilikuwa namdanganya mtu kwa kutumia ibada, na hilo liliniuma zaidi ya tumbo.

Wiki ya tatu akaniuliza, "Hizi siku zako za kulipa, ni ngapi?"

"Bado kidogo."

Alinitazama uso, ambao sasa ulikuwa umefura hata nikashindwa kufunga macho vizuri. Hakuuliza tena. Siku zilizofuata alikuwa akinywa peke yake, amegeukia ziwa. Kisha maneno ya sumu yakafika sokoni. Yaya alikuwa ameyasema kwenye foleni ya maji, na kutoka foleni ya maji hadi Kituku ni mwendo mfupi. Wanawake wawili waliokuwa wakichukua samaki wa Mama Neema kila siku kwa ajili ya mikahawa yao wakaanza kuchukua kwangu. Nilipima, nikawauzia. Mama Neema alikunja kitenge chake, akasema bila kunitazama, "Batu banasema mambo. Nilisikia." Ningeweza kusema ni uongo. Nikajifanya natafuta chenji.

Siku saba zikawa saba nyingine, na nyingine tena, kwa kuwa uvimbe haukupungua. Ulipanda mapajani, ukaingia tumboni. Nililala nimekaa. Papa Salima, mume wangu, ambaye huendesha lori la Fuso la mazao kutoka mji wa Kiwanja na akipata bahati hulala nyumbani siku mbili kwa wiki, alirudi akanikuta siwezi kujifunga kitambaa kichwani mwenyewe. Alikifunga yeye, vibaya. Ninayakumbuka mambo kama hayo kuliko dawa.

Mwezi wa kwanza, mvua zikipungua, daktari alishika karatasi zangu muda mrefu.

"Mama, sielewi. Ulipashwa kuwa umeanza kupunguka. Kama predni inashindwa, nitakutuma mbali, kwa dawa za nguvu kupita hii. Na sijui kama mafigo itangoja." Akaweka karatasi chini. "Uniambie asubuhi yako. Yote. Tangu kufungua macho."

Nikamwambia. Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa sababu hakuuliza kama nakunywa dawa, aliuliza asubuhi yangu ikoje. Nilimwambia uji, vidonge, maji ya majani, beseni. Nilimwambia hata vile vitu vyeupe. Kalamu yake ilisimama.

"Mama," alisema taratibu, "miezi miwili niko natibu beseni."

Hakucheka wala hakugomba. Alivuta kiti karibu. Akanieleza kwamba chakula hakiibi dawa, chakula kinalinda tumbo lisichomeke. Lakini dawa inaomba muda wa kupita tumboni na kuingia mwilini, na ukitapika kabla haijapita ni karibu sawa na kutokunywa. Na asubuhi alisema asubuhi kwa maana: ukiinywa jioni inakunyima usingizi. Na kama siku moja nikitapika kwa bahati mbaya, nisijiamulie kurudia, nimpigie. "Tuanze upya," akasema. "Sasa tutajua kama ni dawa inashindwa ama ni sisi."

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi langu na kulia mbele za watu. Mwanamke wa pembeni alinipa kipande cha muhindi wa kuchoma. Nikaurudisha, nikamwambia una chumvi, na sote wawili tukacheka kidogo.

Jioni ile nilimwambia Yaya sitatapika tena.

"Basi utakufa kwa mukono ya Mama Neema," alisema, "na mimi sitakuja kukuosha."

Aliyesema hivyo ndiye aliyeniogesha nikiwa mtoto. Akakunja mkeka wake, akachukua sufuria yake ndogo, akaondoka. Salima, binti yangu mkubwa, alimsindikiza hadi kwenye pikipiki na kurudi amenuna.

Nilijaribu mwenyewe. Siku moja nilimeza vidonge bila kula kwa sababu nilichelewa, na hadi saa nne kifua kilikuwa kinawaka. Siku nyingine niliviacha hadi nirudi nyumbani mchana, na sikusinzia hata kidogo mpaka asubuhi, nikamkemea kila mtu bila sababu. Nikaamua kupika uji jioni na kubeba termosi yangu. Nilifanya hivyo siku tatu, na dawa ilitulia tumboni.

Lakini hebu tuone sisi wawili pale chini: Mama Neema na termosi yake, mimi na yangu, bega kwa bega, kila mtu na kikombe chake. Termosi zile mbili zilisema mbele ya soko zima kile ambacho mimi sikukisema kwa mdomo. Siku ya tatu niliona beseni lake limejaa hadi jua kali, samaki wanalegea, na hakuna aliyesimama.

Siku ya nne niliacha termosi yangu nyumbani.

Sitajifanya shujaa. Niliogopa. Miezi miwili ya maneno ya Yaya ilikuwa bado kichwani, na niliwaza, je, kama ni kweli? Na niliwaza pia kwamba bila chakula asubuhi ile ningepoteza siku nyingine ya dawa, na sikuwa na siku za kupoteza. Nikaweka vidonge kumi na viwili kiganjani, nikanyoosha mkono.

"Mama Neema. Niko naomba uji. Hii dawa inaomba chakula mbele."

Wanawake wa pembeni waliacha kusuka maneno. Yeye aliangalia vidonge, akaniangalia miguu, kisha uso. Akafungua termosi. Akajaza kikombe cha buluu, akakiinua juu ya kutosha watu waone, akanywa mafunda mawili. Akapangusa mdomo wa kikombe kwa ncha ya kitenge, akanipa.

"Unaona ninaonja," alisema. "Kunywa."

Sijawahi kunywa kitu kilichokuwa kigumu kumeza kama uji ule, na ugonjwa wangu ulikuwa wa mafigo, si wa koo. Niliunywa wote. Kisha vidonge. Kisha nikakaa pale nikisikiliza tumbo langu, na tumbo halikusema kitu.

"Nilikukosea," nilimwambia.

"Ulinikosea," alijibu, na akaanza kupanga samaki.

Tangu siku ile nilikunywa uji kwake kila asubuhi, na kila asubuhi alionja kwanza. Sikumwomba. Alifanya hivyo bila kunitazama, kama mtu anayefungua mlango kwa ufunguo. Wateja wakarudi mmoja mmoja, kwa kuwa waliniona mimi nakunywa na sifi. Lakini yale mafunda mawili yalinikaa moyoni. Miaka sita hatukuwahi kuulizana nani aanze.

Mwili ulibadilika upande mwingine. Maji yalitoka, mkaja wa kitenge ukalegea, nikaona tena mifupa ya vifundo vyangu nikaishika kwa furaha. Lakini predni ina bei yake. Uso ukawa duara, mashavu yakaota vinyweleo, njaa ikawa haina adabu. Nilikuwa nakula nikiwaza nitakachokula baadaye. Hasira zilinipanda kwa kijiko kilichowekwa vibaya. Papa Salima alisema, "Nilioa bibi mumoja, sasa niko na babili, na hawa babili hawasikilizane." Nikamtupia ndala, kisha nikacheka. Watoto walilalamika juu ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, isiyo na chumvi; yeye alikula sufuria ile ile na mimi, siku zote alizokuwa nyumbani, bila kunyunyiza chochote.

Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, nilikojoa asubuhi moja nikasubiri povu. Halikuja. Nikasubiri kesho yake. Daktari alichovya kikaratasi chake cha kupimia mkojo, akaniletea nione, rangi ilikuwa karibu haijabadilika. Nilimwomba nione tena. Akanionyesha tena.

Kisha vidonge vikaanza kupunguzwa. Kutoka kumi na viwili hadi kumi, kutoka kumi hadi vinane, taratibu, kwa karatasi yake na si kwa hamu yangu, maana viungo viliuma kila tuliposhuka na nilitamani kumaliza yote siku moja. Usifanye hivyo. Hata ukijisikia mzima, shuka ngazi moja moja kama ulivyoandikiwa. Kiangazi kikaja, vumbi jeusi la mawe ya mlima likajaa kwenye meno ya kila mtu wa Goma, nami nikawa na kidonge kimoja, kisha nusu.

Yaya hakuja miezi yote hiyo. Ila mara mbili Salima alirudi nyumbani na chupa ya maziwa ya Masisi, akaiweka mezani na kusema ameiokota njiani. Nilikunywa maziwa hayo na sikumuuliza.

Wiki iliyopita, mitumbwi ikiwa bado haijafika, nilimwona anakuja, amejitanda, anaruka mawe ya pwani kwa uangalifu wa mtu ambaye goti linamuuma. Akasimama mbele yetu. Alitazama vifundo vyangu kwanza. Kisha akatazama mikono ya Mama Neema, ambaye alikuwa ameshajaza kikombe.

Hakuna aliyesalimia. Mama Neema alikiinua kikombe kuelekea mdomoni kama kila siku, juu kidogo kuliko kila siku. Mwanamke wa miaka hamsini, mbele ya dada yangu, anajiandaa kuthibitisha tena kwamba yeye si muuaji.

Nikauzuia mkono wake. Nikakichukua kikombe.

"Bado sijaonja," alisema kwa sauti ya chini.

"Iko na moto?"

"Kidogo tu."

Nikanywa. Nikaweka nusu kidonge ulimini, nikanywa tena. Yaya alinitazama koo linavyoshuka, akangoja, na nilijua anangoja nini. Ziwa lilikuwa tulivu na mtumbwi wa kwanza ulianza kuonekana. Hatimaye akapindua beseni tupu, akakaa juu yake, akanyoosha goti lake bovu. Hakuomba uji, na hakuondoka.

Nikamrudishia Mama Neema kikombe, kimebaki nusu. Safari hii alikunywa baada yangu.